Mbiu Moja, Masikio Mengi

Mwaka 1994 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha habari za mwanamume wa miaka 28 aliyekuwa na urefu wa sentimita 204 na bado anarefuka. Alikuwa amekwenda kwa madaktari kwa ajili ya magoti yake, yaliyokuwa yakizidi kupinda kwa ndani. Kwa maumbile alikuwa mwanamume asiye na kasoro, na testosteroni yake ilikuwa ya kutosha. Lakini picha za eksirei zilionyesha mifupa ya mvulana wa miaka 15: ncha zake zilikuwa hazijafunga, na madini yake yalikuwa yamepungua kama ya bibi kizee. Damu yake ilikuwa na estrojeni nyingi kuliko kawaida. Madaktari walimwongezea nyingine kwa miezi kadhaa, kwa vibandiko vya ngozini, na mwili wake haukujibu lolote. Matiti hayakuvimba, mifupa haikukaza. Ilibainika kwamba jeni inayotengeneza kipokezi cha estrojeni ilikuwa na kosa katika nakala zote mbili, ile ya upande wa baba na ile ya upande wa mama. Homoni ilikuwepo tele. Wa kuipokea ndiye hakuwepo.

Mtu yule anavuruga karibu kila tunachosema mitaani kuhusu homoni. Siku hizi “homoni zimevurugika” limekuwa jibu la kila swali: chunusi, hasira, kitambi, kukawia kupata mtoto. Zamani tungesema karogwa. Na katika maelezo hayo estrojeni ni mali ya mwanamke, testosteroni ni mali ya mwanamume, ikizidi ni shida na ikipungua ni shida, na dawa yake ipo kwa mtu fulani anayetuma kwa basi. Jamaa wa sentimita 204 hakuwa na upungufu wala ziada iliyomdhuru. Na alichokikosa, yeye mwanamume, kilikuwa kazi ya homoni tunayoiita ya kike.

Kwa kweli ni estrojeni inayofunga ncha za mifupa ya watoto wote, wa kike na wa kiume, wanapomaliza kubalehe. Mvulana hana vifuko vya mayai, lakini mwili wake una kimeng'enya kiitwacho aromatasi, ambacho huichukua testosteroni na kuigeuza estrojeni, humo humo kwenye mfupa, kwenye mafuta, hata kwenye ubongo. Kazi yenyewe si kubwa: inaondolewa atomi moja ya kaboni, hidrojeni chache zinapungua, pete moja ya molekuli inabadilika umbo. Vijana wanaojipima vifua gimu na kunong'onezana habari za testosteroni wangeshangaa kujua kwamba sehemu ya homoni hiyo hubadilishwa jinsia, tuseme hivyo, kabla ya kwenda kuiimarisha mifupa yao.

Ukoo wote wa homoni hizi, uitwao steroidi, umetoka kwa mzazi mmoja, naye ni kolesteroli, lehemu ile ile ambayo daktari anatuonya tuipunguze. Kutoka kwake hupatikana projesteroni inayoulinda ujauzito, kotisoli inayotuamsha alfajiri na kutupa sukari ya kukimbilia hatari, aldosteroni inayoshika chumvi ili presha isiporomoke, testosteroni, na mwisho kabisa estrojeni. Kwa mpangilio huo mwanamke hawezi kutengeneza estrojeni bila kwanza kupitia homoni ya kiume. Vifuko vya mayai, korodani, tezi zinazokaa juu ya figo na kondo la nyuma ni viwanda tofauti vya malighafi moja.

Na kwa kuwa ni jamii ya mafuta, homoni hizi hazibishi hodi. Hupenya utando wa seli na kuingia ndani, zikutane na protini inayozitambua. Zikishashikana, hizo mbili huenda kwenye kiini cha seli, hukaa juu ya uzi wa DNA, na jeni kadhaa huwashwa huku nyingine zikizimwa. Watu wa pwani wanaijua mbiu ya mgambo: pembe moja inalia na mji mzima unaisikia, mvuvi anakimbilia chombo chake, mkulima anatupa jembe begani, na mgeni asiyejua maana ya mlio anaendelea na kahawa yake. Estrojeni ni mlio wa namna hiyo. Inapita na damu kila mahali, lakini titi linaisikia kwa namna yake, mfupa kwa namna yake, ini kwa namna yake, na kuna tishu zisizotingishika kabisa.

Aliyelithibitisha hili ni Elwood Jensen, mkemia wa Chuo Kikuu cha Chicago, mwishoni mwa miaka ya 1950. Aliitia estradioli alama ya mnururisho, akawadunga panya wachanga wa kike, kisha akatazama inakwenda wapi. Kwenye misuli ilipita. Kwenye mji wa mimba iling'ang'aniwa kwa saa nyingi, tena ikiwa haijabadilika hata kidogo. Wakati ule wataalamu wengi waliamini homoni hufanya kazi kwa kushiriki katika mabadiliko ya kikemia na kuliwa humo. Jensen alionyesha kwamba yenyewe hubaki ilivyo, na kinachobadilika ni seli iliyoipokea.

Ugunduzi huo ulikuja kujibu fumbo la zaidi ya miaka 60. Mwaka 1896 mpasuaji wa Glasgow, George Beatson, alieleza katika jarida la Lancet jinsi alivyomtoa vifuko vya mayai mwanamke wa miaka 33 ambaye saratani ya titi ilikuwa imemrudia, na jinsi uvimbe ulivyonywea miezi iliyofuata. Neno homoni lilikuwa halijazaliwa. Lilianza kutumika mwaka 1905. Beatson alikuwa amefuata fununu ya wafugaji: kwamba ng'ombe akitolewa vifuko vya mayai baada ya kuzaa, maziwa huendelea kutoka kwa muda mrefu. Akaona kwamba kiungo kimoja kinaweza kukiamrisha kingine kilicho mbali bila mshipa wowote wa fahamu unaoviunganisha. Wapasuaji wengine walimfuata, wakakuta karibu theluthi tu ya wagonjwa ndio wanaopata nafuu. Wale theluthi mbili walipasuliwa bure. Kwa miongo kadhaa hakuna aliyeweza kusema mapema nani yumo katika kundi lipi, mpaka kazi ya Jensen ilipowezesha kuuliza swali sahihi kwa kipande cha uvimbe: je, una vipokezi?

Hapa msomaji anaweza kuhitimisha kwamba basi estrojeni ni adui wa titi. Asiwe na haraka. Mwaka 1944 Alexander Haddow na wenzake, Uingereza, waliwapa estrojeni za kutengenezwa, kwa dozi kubwa, wagonjwa wenye saratani ya matiti iliyokwisha enea. Baadhi yao, hasa wanawake waliokuwa na miaka mingi tangu wakome hedhi, uvimbe wao ulipungua. Homoni ile ile ambayo Beatson aliikata ili kumponya mwanamke wa miaka 33 ilimpa nafuu bibi wa miaka 70. Seli ya saratani iliyokaa muda mrefu bila estrojeni huwa imebadilika, na ikimwagiwa ghafla kwa wingi inaweza kufa badala ya kukua. Mimi jambo hili hunisisimua kuliko habari nyingi za ushindi wa tiba, maana halikubali kuwekwa upande wowote.

Tamoksifeni nayo haikubali. Iliundwa mwaka 1962 na mkemia Dora Richardson katika kampuni ya ICI, Uingereza, iliyokuwa ikitafuta kidonge cha kuzuia mimba baada ya tendo. Kwa panya ilizuia. Kwa wanawake ilifanya kinyume: iliamsha yai. Kama dawa ya uzazi wa mpango ilikuwa imeshindwa, na ingeweza kusahauliwa kabatini kama isingekuwa watu wachache waliokazana kuijaribu kwa saratani ya matiti, kuanzia hospitali ya Christie, Manchester, ambako matokeo ya kwanza yalitoka mwaka 1971. Leo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani na imerefusha maisha ya wanawake wasiohesabika. Inaingia kwenye kipokezi cha estrojeni ndani ya titi na kukikalia bila kukiruhusu kufanya kazi. Watu walitarajia basi kwamba itaiharibu mifupa pia, kwa kuinyima estrojeni. Haikuiharibu. Kwa mwanamke aliyekoma hedhi, tamoksifeni huilinda mifupa, kwa sababu huko hutenda kama estrojeni yenyewe. Katika mji wa mimba pia hutenda kama estrojeni, na huko ni hasara: utando wa ndani huchochewa, na hatari ya saratani ya mji wa mimba huongezeka. Molekuli moja, katika mwili mmoja, siku moja, inakataza huku na kuamrisha kule. Siri iko katika protini wasaidizi zinazokizunguka kipokezi, ambazo si zile zile katika kila tishu.

Ndiyo maana hospitali inapomwambia mama mwenye uvimbe kwamba lazima kipande kipelekwe kupimwa vipokezi, asidhani anazungushwa. Bila jibu hilo, miaka mitano ya kumeza tamoksifeni inaweza kuwa miaka mitano ya kumeza chokaa, huku madhara yake yakibaki pale pale. Pale ambapo kipimo hakipatikani au bei yake inamshinda mgonjwa, daktari hubaki kubahatisha, kama walivyobahatisha wapasuaji baada ya Beatson. Kwa tezi dume kubahatisha kumepungua kidogo: Charles Huggins, naye wa Chicago, alionyesha mwaka 1941 kwamba saratani hiyo hulishwa na homoni za kiume na hunywea zikiondolewa, kwa kuhasiwa au kwa kupewa estrojeni. Alipata tuzo ya Nobel mwaka 1966, na hadi leo kuondoa korodani ni tiba inayotumika katika hospitali zetu, ingawa wazee wengi hawaisemi majumbani.

Kuhusu wanawake waliokoma hedhi, dunia ilifanya makosa mawili yanayokinzana, na yote mawili kwa kelele. Mwaka 1942 Marekani iliruhusu dawa iitwayo Premarin, estrojeni zilizochujwa kutoka mkojo wa farasi jike wenye mimba. Mwaka 1966 daktari Robert Wilson wa New York akatoa kitabu, Feminine Forever, akiuza wazo kwamba kukoma hedhi ni ugonjwa wa upungufu na kwamba estrojeni itambakiza mwanamke katika ujana. Mamilioni walimeza. Mwaka 1975 tafiti mbili zilionyesha kwamba wanaotumia estrojeni peke yake wanapata zaidi saratani ya mji wa mimba. Dawa ikaongezewa homoni ya jamii ya projesteroni ili kuutuliza ule utando, na watu wakaendelea kumeza, safari hii wakiambiwa kwamba moyo nao utalindwa.

Kisha ukaja utafiti wa Women's Health Initiative. Katika sehemu yake moja, wanawake 16,608 wenye umri wa miaka 50 hadi 79 walipewa kwa kura ama dawa yenye homoni zote mbili ama kidonge kitupu. Julai 2002 sehemu hiyo ilisimamishwa baada ya wastani wa miaka 5.2. Kwa kila wanawake 10,000 katika mwaka mmoja, waliomeza dawa walipata saratani za matiti 8 zaidi, viharusi 8 zaidi, mabonge ya damu kwenye mapafu 8 zaidi na mashambulizi ya moyo 7 zaidi. Walipata saratani za utumbo mpana 6 pungufu na mivunjiko ya nyonga 5 pungufu. Tarakimu hizo ni ndogo, na zina pande mbili. Magazeti yalichapisha upande mmoja. Wanawake walitupa vidonge vyao ndani ya wiki chache, na madaktari waliosomea udaktari miaka iliyofuata walikua wakiiogopa tiba hiyo.

Kilichosemwa kwa sauti ndogo ni kwamba wastani wa umri wa wanawake wale ulikuwa miaka 63. Wengi walikuwa zaidi ya muongo mmoja tangu wakome hedhi, na mishipa yao ya damu ilikuwa imekwisha anza kujaa utando. Mshipa wa namna hiyo hauisikii estrojeni kama unavyoisikia mshipa laini wa mwanamke wa miaka 51. Watafiti walipowatenganisha kwa umri, walioanza dawa karibu na ukomo wa hedhi walionekana kuwa na hatari ndogo ya moyo kuliko wale wakongwe. Na sehemu ya pili ya utafiti huo huo, ya wanawake 10,739 waliokuwa wamekwisha tolewa mji wa mimba na hivyo kupewa estrojeni peke yake, ilitoa jibu lililowaduwaza wengi: viharusi viliongezeka, mivunjiko ya nyonga ilipungua, na saratani ya matiti, katika ufuatiliaji wa miaka mingi, ilikuwa pungufu. Mwaka 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani ikatangaza kuyaondoa maonyo makubwa mengi yaliyokuwa yamebandikwa kwenye dawa hizo. Nina wasiwasi kwamba sasa gurudumu litazunguka tena hadi upande wa Wilson.

Kwetu mjadala huo umepita mbali, kwa sababu ukomo wa hedhi wenyewe hausemwi. Mama anaamka usiku amelowa, anafungua dirisha, analifunga, mchana anaropoka kwa hasira isiyo yake, na anaambiwa ni presha au ni malaria sugu. Bibi na shangazi wanaomfunda mwali wiki nzima kuhusu kuanza hedhi hawana hata jioni moja ya kumfunda mtu mzima kuhusu kuikoma. Joto lile la ghafla hutoka kwenye ubongo: seli zinazosimamia joto la mwili, zikishakosa estrojeni, huona joto la kawaida kuwa limezidi na kuamuru mishipa ya ngozi ifunguke na jasho limwagike. Kwa wengi hupungua baada ya miaka kadhaa. Mifupa ndiyo isiyolalamika, mpaka siku mtu anapoteleza bafuni na nyonga ikakatika.

Lipo pia jambo la unene, ambalo tunalipenda kwa macho. Mwanamke aliyekoma hedhi hajaishiwa estrojeni kabisa. Mafuta ya mwili wake yana aromatasi na yanaendelea kuitengeneza. Mafuta yakiwa mengi, estrojeni huwa nyingi, bila projesteroni ya kuizuia, na mji wa mimba na matiti hukaa miaka yakichochewa. Hii ni mojawapo ya njia zinazouunganisha unene na saratani hizo mbili. Mwanamke yule yule kabla ya kukoma hedhi anaweza kuwa alimeza vidonge vya majira kwa miaka, ambavyo vina homoni za jamii hii hii na ambavyo hupunguza hatari ya saratani ya vifuko vya mayai na ya mji wa mimba, huku vikiongeza kidogo hatari ya damu kuganda. Ninaachia hapo, habari za vidonge na vijiti kliniki za uzazi wa mpango huzieleza vizuri kuliko mimi.

Tawi la kotisoli lina historia inayotugusa kwa njia ambayo wengi hatuijui. Septemba 1948, katika Mayo Clinic, Minnesota, Philip Hench alimdunga mwanamke wa miaka 29 aliyelemazwa na baridi yabisi dawa ambayo baadaye iliitwa kotisoni. Baada ya siku chache alikuwa anatembea. Miaka miwili baadaye Hench na wenzake wawili walipata Nobel. Tatizo lilikuwa kuipata dawa hiyo: ilitengenezwa kutokana na nyongo ya ng'ombe, kwa hatua zaidi ya thelathini, na gramu moja ilikuwa ghali mno. Wakemia wakageukia mimea. Mexico ilikuwa na viazi vikuu vya mwituni vilivyompa mkemia Russell Marker projesteroni. Waingereza, waliokosa dola za kununulia, walitazama makoloni yao, wakaona mkonge.

Mkonge ulikuwa umefika Tanganyika mwaka 1893, Mjerumani Richard Hindorf alipoagiza miche 1,000 kutoka Florida na 62 tu ikafika hai. Kutoka hiyo 62 yalitokea mashamba ya Tanga, Korogwe na Morogoro, korona, yaani mitambo ya kuchambua singa, zilizonguruma usiku na mchana, na manamba walioletwa kutoka mbali kukata majani yenye miiba. Katika jani la mkonge singa ni karibu asilimia nne tu. Lililobaki lilikuwa takataka inayonuka. Mwaka 1951 wakemia watatu wa Uingereza, mmoja wao John Cornforth aliyekuja kupata Nobel mwaka 1975, walieleza jinsi ya kupata hekojenini kutoka katika maji ya mkonge yaliyochachishwa. Hekojenini ni steroidi ya mmea yenye oksijeni karibu kabisa na mahali ambapo kotisoni inaitaka. Kampuni ya Glaxo iliitumia hekojenini ya mkonge wa Afrika Mashariki kutengenezea steroidi zake, betamethasoni ikiwemo. Takataka ya korona ilipanda meli, ikarudi ndani ya tyubu ndogo za krimu.

Na kwenye tyubu ndipo tulipoharibikiwa. Anayeingia duka la vipodozi na kusema “dada, nipe ya kung'arisha, isiwe kali” hupewa mara nyingi krimu yenye klobetasoli au betamethasoni. Mkorogo wa mitaani huchanganya hizo na hidrokwinoni, na wakati mwingine zebaki. Ngozi inang'aa kweli mwanzoni, kwa sababu steroidi hubana mishipa midogo ya damu na kuzipunguza nguvu seli zinazotengeneza rangi. Klobetasoli ni miongoni mwa krimu kali kuliko zote. Maelekezo yake yanasema isizidi gramu 50 kwa wiki wala wiki mbili mfululizo. Mtu wa mkorogo huipaka mwili mzima kwa miaka. Ngozi hukonda kama karatasi, michirizi hutokea mapajani, fangasi husambaa bila kuwasha maana kinga ya ngozi imelazwa, na kidonda cha upasuaji hugoma kufunga. Kisha dawa hupenya hadi kwenye damu: uso unakuwa wa duara, tumbo linatangulia, sukari inapanda, presha inapanda. Ubongo, ukiona kotisoli bandia imejaa, unaziachisha kazi tezi za juu ya figo. Siku mtu akiamua kwa nia njema kuacha mkorogo ghafla, tezi hazijaamka. Anazirai, anatapika, presha inashuka hadi pa hatari. Anayetaka kuacha aende kwanza kwa daktari, na aseme ukweli amepaka nini na kwa muda gani. Wanaomeza deksamethasoni, steroidi ya jamii hiyo hiyo, ili wanenepe wamo katika hatari ile ile, tena kwa haraka zaidi.

Serikali za ukanda huu zimepiga marufuku, zimechoma shehena, na krimu zingali sokoni. Siamini kwamba tatizo ni uchache wa askari. Tunalaumu sana wanawake kwa mkorogo, na tunasahau ni nani wanaosifia “mweupe”.

Hata hivyo dawa hizo hizo, deksamethasoni na betamethasoni, ndizo zinazomfungulia mtoto njiti mapafu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Graham Liggins, huko Auckland, alikuwa akichunguza kinachoanzisha uchungu kwa kondoo. Aliwapa steroidi wana-kondoo wakiwa tumboni, wakazaliwa mapema mno, na mmoja aliyepaswa kufa kwa mapafu machanga alikutwa anapumua. Mwaka 1972 yeye na Ross Howie walichapisha matokeo kwa binadamu: sindano ya betamethasoni kwa mama anayekaribia kujifungua kabla ya wakati iliokoa watoto. Kotisoli ndiyo ambayo kwa kawaida huliambia pafu la mtoto, wiki za mwisho, lianze kutengeneza ute unaozuia vifuko vya hewa visigandamane. Sindano inaipeleka amri hiyo mapema.

Jambo jema kama hilo, ungesema, lipelekwe kila zahanati. Likapelekwa. Katika utafiti uliofanyika Argentina, Guatemala, India, Kenya, Pakistan na Zambia, ukihusisha karibu uzazi 100,000, wahudumu wa ngazi za chini walifundishwa kumtambua mama anayeelekea kuzaa njiti na kumdunga deksamethasoni. Matokeo yalitoka mwaka 2015. Sindano zilikuwa zimewafikia wengi kuliko mwanzo, na vifo vya vichanga vilikuwa vimeongezeka, takriban vitatu na nusu zaidi kwa kila kina mama 1,000. Maambukizi kwa kina mama yaliongezeka pia. Wengi wa waliodungwa hawakuzaa njiti. Watoto wao walipewa steroidi wasiyoihitaji.

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti mwingine, wa hospitali za Bangladesh, India, Kenya, Nigeria na Pakistan. Safari hii walikuwa wanawake 2,852 ambao wiki za mimba zilijulikana kwa ultrasaundi, na waliojifungua mahali penye huduma ya njiti. Kati ya watoto wa waliodungwa dawa, asilimia 19.6 walikufa, kati ya wa waliodungwa sindano tupu, asilimia 23.5. Dawa ilikuwa deksamethasoni ile ile.

Kwa hiyo shirika hilo linaruhusu sindano kwa masharti: wiki za mimba zijulikane kwa uhakika, mama asiwe na maambukizi, na pawepo watu na vifaa vya kumhudumia mtoto atakayezaliwa. Sharti la kwanza ndilo gumu kwetu. Muuguzi wa zamu akimuuliza mama tarehe ya hedhi ya mwisho, mara nyingi hujibiwa kwa sikukuu: ilikuwa kabla ya Ramadhani, ilikuwa wakati wa kupalilia. Kwa jibu hilo na utepe juu ya tumbo ni vigumu kutofautisha wiki 33 na wiki 37, na mwezi huo mmoja ndio unaoamua kama sindano ni msaada au madhara. Kichupa cha deksamethasoni ni rahisi, na bajeti hupenda kununua kilicho rahisi. Mimi ningeanza na mashine ya ultrasaundi na mtu anayejua kuisoma, ifike kliniki mama akiwa bado na mimba changa, kabla hata sindano haijaagizwa.